Fainali ya Kigoma: Je, Mwenyeji Alipona?

Kila mchezo unaochezwa kwa misimu una mechi za aina mbili. Iko mechi ya msimu, ambayo ni kama siku ya kazi: ukishindwa leo, kesho utashika jembe tena, na hesabu itajumlishwa mwishoni. Na iko mechi ya baada ya msimu, ambayo ni kama sikukuu: jedwali limekwisha kufungwa, bingwa wa ligi anajulikana, na bado watu wanaitwa waje kutazama mara moja zaidi. Katika kurasa hizi nataka kuijadili aina hii ya pili, na nitaijadili kwa mechi moja: fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam baina ya Simba na Yanga, iliyochezwa tarehe 25 Julai 2021 katika Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma. Mechi ile ilisifiwa sana. Sehemu ya sifa hizo iliistahili. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ilitolewa kwa sababu mgeni mkubwa akiingia nyumbani mwako ni vigumu kumtazama kwa jicho la kupima.

Mimi ni mtu wa Kumsenga, upande wa Kibondo, na mizani yangu ya kupimia mechi za namna hii niliipata huko huko. Maharage yakishapurwa na mahindi yakishaingia ghalani, vijana wa vijiji vyetu hupata nafasi, na hapo ndipo huanza mashindano ya mbuzi. Kila kijiji huleta timu. Jezi ni za kuazima, viatu ni vya wachache, goli ni miti miwili na mlalo wa mwanzi. Zawadi ni mbuzi mmoja, ambaye siku ya fainali hufungwa kando ya uwanja ili kila mchezaji amwone anachokipigania. Mbuzi huyo akigawanywa kwa vijana ishirini na wapambe wao, hakuna anayepata zaidi ya vipande viwili vya nyama na bakuli la mchuzi. Hata hivyo nimeona watu wazima wakikosa kusalimiana wiki nzima kwa sababu ya penalti moja. Basi jambo la kwanza nililojifunza ni hili: uzito wa mechi ya mwisho haupimwi kwa ukubwa wa zawadi. Hupimwa kwa swali moja tu: ukishindwa, utamjibu nani kesho asubuhi kisimani?

Wamarekani ndio walioikuza mechi ya baada ya msimu kuliko taifa lingine lolote, kwa hiyo si vibaya tukawatazama kwanza kabla ya kurudi kwetu. Wao wana mpira wao, ule unaochezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu, na vyuo vyao vikuu huucheza kwa shauku inayopita kiasi. Msimu wa vyuo ukiisha, timu zilizofanya vizuri hualikwa kwenye mechi moja moja katika miji ya mbali, nyingi zikiwa katika majimbo yenye joto. Mechi hizo huitwa za bakuli, kwa sababu ya umbo la viwanja vya zamani. Ya kwanza ilichezwa Pasadena, California, siku ya Mwaka Mpya wa 1902. Wenyeji wa mji ule walikuwa na sherehe yao ya maua tangu mwaka 1890, waliyoianzisha ili kuwaonyesha ndugu zao wa mashariki, waliokuwa wakitetemeka kwa baridi, kwamba Pasadena waridi huchanua hata Januari. Mpira uliongezwa ili kuvuta watu. Michigan iliifunga Stanford 49 kwa 0, na mechi ikakatishwa kabla ya muda wake. Waandaaji walikata tamaa na mpira, na kwa miaka kadhaa wakaweka mashindano ya magari ya kukokotwa na farasi. Mpira ulirudi mwaka 1916 na haukuondoka tena.

Msomaji aone vizuri jambo hilo. Mechi ya bakuli haikuzaliwa na swali la nani bora. Ilizaliwa na mji uliotaka wageni. Katika miaka ya 1930, wakati uchumi wa dunia ulipoporomoka, Miami, New Orleans, El Paso na Dallas nazo zikaanzisha bakuli zao, kwa hesabu ile ile ya hoteli, garimoshi na migahawa. Leo mechi hizo zinazidi 40 kila mwaka, na nyingi zimebeba majina ya makampuni. Mwaka 2023 ilichezwa moja huko Orlando iliyoitwa kwa jina la kitafunwa cha watoto, Pop-Tarts. Mtu aliyevaa vazi la kitafunwa alizunguka uwanjani akiwachekesha watu, na mechi ilipoisha washindi, Kansas State, wakapewa kitafunwa kikubwa chenye umbo lake wakakila mbele ya kamera. Sisi tunakula mbuzi, wao walikula katuni. Sioni sababu ya kuwacheka.

Lakini mwaka huo huo ilichezwa mechi nyingine ya bakuli ambayo haikumchekesha mtu. Chuo cha Florida State kilikuwa kimeshinda mechi zake zote 13. Wakati ule ni timu nne tu zilizochaguliwa na kamati kuwania ubingwa wa taifa, na Florida State ikaachwa nje, kwa kuwa kiongozi wa mashambulizi yao alikuwa ameumia. Ikapewa bakuli la chungwa, Orange Bowl, kuwa kifuta machozi. Wachezaji wake wengi wakaona hapana sababu ya kuhatarisha magoti yao kabla ya kwenda kucheza kwa malipo, wakajiondoa. Tarehe 30 Desemba 2023 Georgia iliwafunga 63 kwa 3. Uwanja ulikuwapo, bendi ilikuwapo, matangazo yalikuwapo, chungwa lilikuwapo. Kilichokosekana ni mechi. Mwaka uliofuata idadi ya timu za kuwania ubingwa iliongezwa kutoka 4 hadi 12, na baadhi ya bakuli za zamani zikafanywa hatua za mashindano hayo, maana iligundulika kwamba sherehe peke yake haiwezi kumfanya kijana akimbie.

Sasa turudi Tanzania. Kombe letu la shirikisho lilirejeshwa msimu wa 2015/16 kwa jina la mdhamini wake, na tangu msimu wa 2023/24 linabeba jina la benki ya CRDB. Fainali ya kwanza ilichezwa Dar es Salaam mwaka 2016, Yanga ikaifunga Azam 3 kwa 1. Baada ya hapo fainali ikaanza kusafiri. Mwaka 2017 ilikwenda Dodoma, Simba ikaishinda Mbao ya Mwanza 2 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza. Mwaka 2018 ilikuwa Arusha, Mtibwa Sugar ikaifunga Singida United 3 kwa 2. Mwaka 2019 ilikuwa Lindi, Azam ikaifunga Lipuli ya Iringa bao moja kwa bila. Mwaka 2020 ilikuwa Sumbawanga, Simba ikaifunga Namungo 2 kwa 1. Kisha ikaja zamu ya Kigoma. Baada yetu ilirudi Arusha mwaka 2022, ikaenda Tanga mwaka 2023, kisha Zanzibar mwaka 2024 na 2025.

Ukiitazama orodha hiyo kwa haraka utasema ni jambo jema, na mimi nakubali kwamba ni jema. Nchi hii ina tabia ya kuweka kila kitu kizuri Dar es Salaam na kuwaacha wengine wakisikilize redioni. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma tulilelewa na sauti za watangazaji wa Radio Tanzania. Tulizifahamu pande za uwanja wa Dar es Salaam, goli la kusini na goli la kaskazini, kabla hatujauona hata kwa picha. Mwaka 1993 Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF na kufungwa nyumbani 2 kwa 0 na Stella ya Abidjan, huku kwetu watu walilala bila kula, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuvuka Mto Malagarasi. Kwa hiyo mtu akisema atauleta mpira huo hadi Kigoma, anayepinga ni nani?

Mechi yenyewe, kwa haki, ilikuwa ngumu na ya kweli. Ilikuja ikiwa na kisa nyuma yake. Tarehe 8 Mei mwaka ule timu hizo mbili zilikuwa zikutane katika ligi, saa ya kuanza ikasogezwa mbele kutoka jioni hadi usiku, Yanga ikakataa mabadiliko, ikafika uwanjani kwa saa ile ya kwanza na kuondoka, na maelfu ya watu wakarudi nyumbani bila kuona mpira. Ziliporudiana tarehe 3 Julai, Yanga ilishinda 1 kwa 0. Hata hivyo Simba ikatwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya nne mfululizo. Basi Kigoma ikawa mahali pa kusemea neno la mwisho. Simba ilitaka makombe mawili. Yanga ilitaka angalau kulizuia moja.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha kubanana. Kabla ya mapumziko kiungo Mkongomani wa Yanga, Mukoko Tonombe, alitolewa kwa kadi nyekundu. Wapo waliosema kadi ile iliiua mechi. Mimi naona iliipa sura yake. Yanga wakiwa kumi walijikunja kama kobe, wakaziba kila njia, na kwa muda mrefu Simba walikuwa kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba usiku kwa kupapasa ukuta. Bao lilikuja zikiwa zimebaki takriban dakika kumi, kwa kona iliyopigwa ndani na kichwa cha Taddeo Lwanga, kiungo wa kukaba kutoka Uganda ambaye kazi yake ya kila siku haikuwa kufunga. Ndivyo fainali za kubanana zinavyoamuliwa mara nyingi: anayefunga si yule aliyetarajiwa na kila mtu.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo wasifu wengi wa mechi ile walilipita. Kwa kawaida mshindi wa kombe hili hupata tiketi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Lakini mwaka ule Tanzania ilikuwa na nafasi nne katika mashindano ya Afrika. Simba, bingwa wa ligi, na Yanga, mshindi wa pili, zote zilikuwa zinakwenda Ligi ya Mabingwa, hata fainali ingeishaje. Azam na Biashara United zilikwenda Kombe la Shirikisho. Kwa maneno mengine, dakika tisini za Kigoma hazikuwa na tiketi hata moja ndani yake. Kwa hesabu ya karatasi zilifanana kabisa na mechi ya bakuli la Marekani: sherehe baada ya msimu, katika mji wa mbali, kwa jina la mdhamini, bila hatima yoyote ya michuano.

Mbona basi wachezaji hawakujiondoa kama wale wa Florida State? Mbona walikanyagana, wakatoleana maneno, wakapewa kadi, wakalia? Jibu naliona katika swali langu la kisimani. Mchezaji wa Florida State, akishindwa ile mechi, hakuwa na wa kumjibu. Waliompa bakuli lile ndio waliomnyima alichokistahili. Mchezaji wa Simba na wa Yanga ana wa kumjibu kila mahali. Utani wa timu hizi, Yanga iliyozaliwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, umeingia katika ndoa, katika ofisi, katika vijiwe vya kahawa na katika safu za misikiti na makanisa. Siku ile wachezaji walikuwa wakiwachezea watu, na tiketi haikuwa na kazi kubwa. Ndiyo maana nasema sifa ya kwanza ya fainali ya Kigoma ni halali kabisa: ilionyesha kwamba mechi inaweza kukosa kila faida ya kuandikwa na bado ikawa nzito, ikiwa walio nje ya mstari wana sehemu yao ndani yake.

Lakini sehemu hiyo ilikuwa ya nani? Hapo ndipo nina neno langu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutajwa kila mahali panapokuwa na sherehe, na siku zile ilitajwa mno. Wengi huishia nusu ya kwanza. Mgeni alikuja, ni kweli. Hoteli za Kigoma zilijaa, wauza migebuka na dagaa walifanya biashara, waendesha bodaboda hawakulala. Kutoka Kibondo hadi Kigoma mjini kupitia Kasulu ni zaidi ya kilomita 200, na wakati ule sehemu kubwa ya njia hadi Kasulu ilikuwa bado ya vumbi. Pamoja na hayo, vijana wa kwetu walichanga nauli, wakapakiwa katika michomoko watu tisa mahali pa watano, wakafika wekundu kwa vumbi, hata wa Yanga ukawadhania ni wa Simba. Sisi tuliobaki tulijaa katika banda umiza, tukalipa kiingilio, tukasimama. Furaha ilikuwapo, na furaha ni kitu. Sitaki kujifanya mtu asiyejua thamani yake.

Hata hivyo tazama nani aliyekuwa uwanjani. Timu zote mbili ni za Dar es Salaam. Wachezaji waliotajwa sana siku ile walitoka Uganda, Kongo na Msumbiji, na wengine mikoa mingine. Mkoa huu uliompa taifa golikipa Juma Kaseja, na ambao ulikuwa na klabu yake wakati klabu za mashirika ya umma zilipokuwa na nguvu, siku ya sikukuu yake ulichangia nyasi na makofi. Mtu wa Kasulu alishangilia timu ya Kariakoo dhidi ya timu nyingine ya Kariakoo. Alipokuwa akirudi kwake usiku, alikuwa amefurahi au amehuzunika kwa niaba ya mtaa asioujua. Kombe likapanda ndege. Kilichobaki ni picha za simu.

Watangazaji walikuwa na usemi wao siku hizo: kuupeleka mpira mikoani. Nimeufikiria sana usemi huu, maana maneno yana tabia ya kufichua mawazo. Anayepeleka kitu mahali anadhani mahali hapo hakipo. Lakini mpira mikoani upo. Upo Kumsenga na mbuzi wake, upo Kasulu, upo Manyovu, upo katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, ambako watoto hucheza kwa mpira wa matambara na nailoni. Kinachokosekana mikoani ni njia ya kuutoa mpira huo kijijini hadi uonekane: ligi za wilaya zenye ratiba inayofuatwa, waamuzi wanaolipwa, mtu wa kuandika jina la kijana anayejua. Fainali hupita juu ya hayo yote kama ndege ipitavyo juu ya shamba. Mkulima huinua uso, huifurahia, kisha huinama tena.

Historia ya kombe hili ina mfano mmoja ambao naona unasema mengi. Fainali ilipelekwa Lindi mwaka 2019, na waliocheza ni timu ya Dar es Salaam na timu ya Iringa. Mwaka uliofuata Namungo, timu ya Ruangwa katika mkoa huo huo wa Lindi, ilifika fainali kwa miguu yake yenyewe. Fainali ikachezwa Sumbawanga, upande wa pili wa nchi. Lindi ilipewa sherehe mwaka ambao haikuwa na mtoto wa kumtazama, na mwaka mtoto wake alipofika, sherehe ilikuwa imekwenda mbali. Sisemi kulikuwa na hila. Nasema tu kwamba zawadi inayozunguka kwa zamu haijui nani anaoa nyumba gani.

Kigoma nasi tulipata somo letu, na tulilipata katika uwanja ule ule. Mwaka 2023 timu ya Mashujaa ya Kigoma ilikutana na Mbeya City katika mchujo wa kupanda na kushuka. Hiyo nayo ni mechi ya baada ya msimu, lakini haina maua wala mdundo: anayeshinda anakwenda Ligi Kuu, anayeshindwa anabaki chini. Mashujaa ikashinda ikapanda. Kisha tarehe 9 Aprili 2024, katika hatua ya 16 bora ya kombe hili hili la shirikisho, Simba ilikuja tena Lake Tanganyika. Safari hii haikuja kukutana na Yanga. Ilikuja kucheza na wenyeji. Dakika tisini ziliisha 1 kwa 1, na kwa penalti Mashujaa ikaitoa Simba 6 kwa 5.

Katika vitabu vya kumbukumbu mechi hiyo ni ndogo. Ilikuwa hatua ya kati, haikuwa na kombe mezani, na Mashujaa haikufika fainali. Lakini naiweka juu ya ile ya 2021, na sababu yangu ni ile ile ya mizani ya mbuzi. Jioni hiyo, katika vijiwe vya Kibondo, nilisikia kitu ambacho sikukisikia mwaka 2021. Mashabiki wa Simba wa kwetu walikuwa wamepasuka katikati. Mzee mmoja, mtu wa Simba tangu ujana wake, alikuwa akitukana na kucheka kwa zamu. Alisema, "Wametufunga," kisha akajirekebisha, "Tumewafunga," kisha akanyamaza kwa kuwa hakujua neno lipi ni lake. Kwa maoni yangu, kunyamaza kule ndiyo tukio kubwa zaidi la mpira lililopata kutokea mkoani kwetu katika miaka hii. Kwa mara ya kwanza mtu alilazimika kujiuliza yeye ni wa wapi.

Najua nitajibiwa. Atakuja mtu aseme: kama fainali ya 2021 isingechezwa, huenda uwanja usingetengenezwa vizuri, huenda wenyeji wasingepata hamu, kwa hiyo mechi ya mgeni ndiyo iliyotengeneza njia ya mechi ya mwenyeji. Hoja hiyo ina uzito, na siwezi kuibeza. Mtoto wa Kasulu aliyeona kwa macho yake jinsi kona inavyopigwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo amebeba kitu ambacho redio haikumpa baba yake. Hata Pasadena haikuanza na jambo zito. Ilianza na maua, na leo bakuli lao la waridi ni hatua ya kuelekea ubingwa wa taifa. Sherehe inaweza kukua ikawa jambo.

Lakini tofauti ni hii. Bakuli la Pasadena ni la Pasadena. Mji ule uliianzisha sherehe, ukaisimamia, ukajenga uwanja wake mwaka 1922, na wageni hualikwa na wenyeji. Mwaka ukipita, mwenyeji bado ana karamu yake. Fainali yetu haialikwi, hutumwa. Mji hupokea barua, husafisha, hupiga chokaa, hupokea, hushukuru, na mwakani barua huenda kwingine. Mgeni anayekuja kwa ratiba yake, akala chakula chake alichokuja nacho, akaondoka na vyombo vyake, huyo hakumponya mwenyeji. Alimpita tu.

Kama ningeulizwa, na sikuulizwa, nisingesema fainali ibaki Dar es Salaam. Ningesema izidi kutembea, lakini isitembee mikono mitupu. Mji utakaopewa fainali uambiwe mapema, tuseme mwaka mmoja kabla, na mwaka huo wilaya zake zote zicheze mashindano yao hadi zipatikane timu mbili za vijana. Timu hizo zicheze fainali yao asubuhi ya siku ile ile, katika uwanja ule ule, mbele ya watu wale wale waliokuja kuwatazama wakubwa. Kijana wa Kumsenga aingie katika nyasi ambazo saa chache baadaye zitakanyagwa na Simba au Yanga au yeyote atakayekuwapo. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na mabango. Na asilimia fulani ya viingilio ibaki mkoani kwa ajili ya mipira, nyavu na posho za waamuzi wa wilaya. Hapo mgeni atakuwa amekuja, na mwenyeji atakuwa na cha kuonyesha mgeni akishaondoka.

Pengine mtu ataona ninaupa mpira uzito usio wake, ilhali Kigoma ina haja ya barabara, zahanati na bei nzuri ya maharage. Hayo yote ni kweli. Lakini watu hujifunza kujiheshimu mahali pengi, na uwanja ni pamoja navyo. Watoto wetu wanaokua wakidhani kwamba jambo halijatokea mpaka limetoka Dar es Salaam, watafikiri hivyo hivyo kuhusu shule yao, shamba lao na akili zao. Fainali ya 2021 ilikuwa mechi nzuri iliyowathibitishia wazo hilo kwa furaha kubwa. Mechi ya Aprili 2024 iliwapinga. Mtu akiniuliza ni ipi angemwonyesha mwanawe kwanza, ningemwambia aanze na ile isiyokuwa na kombe.